Kusoma Vimbunga Katika Pete za Miti: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Msituni na Maabara

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, siku chache baada ya 30 Aprili, tarehe ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwisho wa msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Miaka mitano nyuma yake, Machi na Aprili 2019, Idai na Kenneth viliipiga Msumbiji vikipishana wiki sita tu, na Kenneth kilipita kwanza karibu na Ngazija. Ukirudi nyuma zaidi kumbukumbu zinaadimika: kuna kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952, na kile cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu na minazi ya Unguja huku Pemba ikisalimika, hadi Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu.

Kwa orodha fupi namna hiyo huwezi kujua kama vimbunga vinazidi nguvu, wala huwezi kujua msitu unafanya nini ukipigwa mara ya pili kabla haujapona. Picha za setilaiti zinatufikisha miaka ya 1960 na 1970 tu. Mti wenye umri wa miaka 150 unafika mbali zaidi, mradi pete zake, yaani tabaka za mbao unazoongeza mwaka hadi mwaka, zisomwe kwa utaratibu. Mifano mingi hapa chini inatoka kusini-mashariki mwa Marekani na Asia ya mashariki, kwa sababu huko ndiko kazi hii imefanywa kwa kina. Kuhusu miti ya kwetu, tutasema wazi ipi inafaa na ipi itakupotezea muda.

Kimbunga kinaacha nini ndani ya mti

Lishike jambo moja kabla ya mengine yote: pete nyembamba peke yake si ushahidi wa kimbunga. Ukame hutoa pete nyembamba. Viwavi wakila majani, au moto ukiunguza matawi, pete huwa nyembamba vilevile. Kimbunga hujulikana kwa kutopatana kwa miti. Katika msitu uleule na mwaka uleule, baadhi ya miti hudumaa huku jirani zake wakinenepa ghafla. Ukame huibana miti yote pamoja, lakini upepo huangusha mmoja na kumwachia mwingine nafasi yake.

Kudumaa huko tutakuita mdororo. Mti uliopokonywa majani na matawi hauna pa kutengenezea chakula, kwa hiyo pete zake hubana kwa mwaka mmoja hadi mitano, pengine zaidi. Pale ambapo bahari imepanda nchi kavu, chumvi kwenye udongo huongeza mateso. Ndivyo ilivyo kwa misonobari ya kisiwa cha Big Pine Key, Florida, ambayo inasimama karibu sawa na usawa wa bahari.

Kinyume chake ni mruko: jirani ameanguka, mwanga umefika chini, mizizi imepata maji na chakula bila mashindano, na pete zinapanuka. Mruko hauji papo hapo. Mti uliokulia kivulini huhitaji mwaka mmoja hadi mitatu kujenga majani ya kutumia mwanga mpya, kwa hiyo usishangae ukiukuta umechelewa nyuma ya tarehe ya kimbunga.

Mti uliosukumwa ukainama bila kung'oka hujitahidi kusimama tena kwa kutengeneza mbao ya namna ya pekee. Msonobari huitengeneza upande wa chini wa mwinamo, ikawa nzito na yenye wekundu uliokolea. Mti wa majani mapana huitengeneza upande wa juu. Matokeo yake ni pete pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na mwaka hali hiyo ilipoanza ndio mwaka mti ulipoinama. Kovu lililofunikwa na mbao mpya nalo hutaja mwaka wake, na katika misonobari unaweza kuona pia mifereji ya utomvu mingi kuliko kawaida karibu na jeraha.

Alama ya mwisho haionekani kwa macho. Mvua ya kimbunga huwa na oksijeni-18, yaani aina (isotopu) nzito ya oksijeni, kidogo kuliko mvua ya kawaida. Mti wenye mizizi ya juujuu huyanywa maji hayo, na upungufu ule hubaki kwenye selulosi ya pete. Kwa njia hiyo misonobari ya majani marefu (Pinus palustris) ya Valdosta, Georgia, ilitoa kumbukumbu ya miaka 220. Kipimo hiki kinahitaji maabara yenye mashine ya isotopu, na ni ghali. Usianzie hapo.

Hatua ya 1: Chagua maeneo mawili, si moja

Eneo la kwanza ni lile unaloamini limepigwa: pwani, kisiwani, au kwenye mteremko unaotazama upande upepo unakotokea. La pili ni la kulinganisha. Liwe na mti wa aina ileile na mvua ya mfano uleule, lakini liwe mbali na pwani kiasi ambacho upepo wa kimbunga hauufikii, kilomita 100 au zaidi. Bila eneo la pili hutaweza kutenga kimbunga na ukame, na hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye.

Epuka misitu isiyo na historia ya uvunaji iliyoandikwa. Mtu akikata mti, jirani yake ataonyesha mruko uleule ambao upepo ungeuleta. Kwenye mashamba ya serikali omba daftari za upunguzaji wa miti. Mwaka wa kupunguza huonekana kwenye pete kana kwamba ni kimbunga.

Angalia pia majira. Kaskazini mwa Tanzania na pwani ya Kenya kuna masika na vuli, na mti unaweza kuweka mistari miwili kwa mwaka. Lindi, Mtwara na Ruvuma zina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, hali inayofanya pete ziwe safi zaidi. Ni bahati njema kwamba ukanda huohuo wa kusini ndio uliopigwa mwaka 1952.

Hatua ya 2: Chagua mti unaoweka pete za mwaka kweli

Mnazi hauna pete kabisa. Haunenepi kwa tabaka kama miti mingine, hivyo mashamba yote ya minazi ya Mafia hayana la kukuambia. Mkarafuu ni wa kijani mwaka mzima na mipaka ya ukuaji wake ni hafifu mno kwa kazi ya tarehe.

Msaji una pete bora kuliko karibu miti yote ya kitropiki, kwa sababu hupukutisha majani kiangazi na kuanza msimu kwa mstari wa matundu makubwa yanayoonekana bila lenzi. Tanzania inayo misaji ya kupandwa, mathalani Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Udhaifu wake ni umri mdogo na historia ya kupunguzwa.

Mninga (Pterocarpus angolensis) ni mti wa kuheshimu. Nchini Zimbabwe ulitoa mfululizo wa mvua kuanzia 1796 hadi 1996. Mpaka wa pete yake ni mstari mwembamba wa seli laini, mara nyingi ukiambatana na matundu makubwa. Tahadhari: mche wa mninga hufa juu ya ardhi kila kiangazi na kuchipua tena kwa miaka kadhaa kabla haujasimama, kwa hiyo usitumie moyo wa mti kukisia mwaka mbegu ilipoota.

Myombo (Brachystegia spiciformis), ambao pwani ya Kenya huitwa mrihi, unafaa lakini unataka subira: pete zake nyingi hukutana na kupotea upande mmoja wa shina. Upate kwa gogo zima la duara ukiweza.

Kwenye mikoko tofautisha. Mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) ulithibitishwa Gazi, Kenya, kwamba huweka pete moja kwa mwaka, mbao yenye matundu machache ikitengenezwa wakati wa mvua na yenye matundu mengi wakati wa kiangazi. Mchu (Avicennia marina) hutengeneza tabaka kadhaa za ukuaji kwa wakati mmoja na mistari yake haihusiani na miaka. Watu wengi hudanganywa na mchu kwa sababu mistari yake ni mizuri kuitazama. Iache.

Kwa mti ambao huna hakika nao, fanya jaribio. Toboa gome kwa sindano nene hadi ufikie tabaka hai la ukuaji, andika tarehe, rudi baada ya mwaka, ukate kipande kidogo na uhesabu mipaka iliyojengeka nje ya jeraha. Ukiwa na bajeti, pima kaboni-14 kwenye pete unayodhani ni ya katikati ya miaka ya 1960. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yalipandisha kaboni hiyo angani kufikia kilele miaka hiyo, na pete ya wakati huo haiwezi kujificha.

Hatua ya 3: Kibali na vifaa

Kwenye hifadhi za misitu za Tanzania Bara kibali cha kuchukua sampuli hupitia Wakala wa Huduma za Misitu, na kwa utafiti rasmi uwe na taasisi nyuma yako, kama TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, au Chuo Kikuu cha Sokoine. Mikoko ina ulinzi wake. Usikate hata nguzo moja bila karatasi.

Kifaa kikuu ni keekee ya sampuli: bomba la chuma lenye meno mbele, linalozungushwa kwa mkono na kutoa kijiti chembamba kuliko penseli, kipenyo cha milimita 5.15. Kwa kazi ya isotopu tumia ya milimita 12. Urefu wa sentimita 40 unatosha miti mingi. Beba pia kalamu za risasi, mirija ya karatasi, nta ya nyuki, spiriti, dira, utepe wa kupimia kipenyo na kipokea GPS. Usitumie mirija ya plastiki isiyotobolewa: kijiti kibichi kikifungiwa humo kwenye joto la pwani, ukungu unakiwahi ndani ya siku mbili.

Hatua ya 4: Kuchukua vijiti

Weka viwanja vya mita 20 kwa 50 na uchukue sampuli ya kila mti unaozidi kipenyo ulichoweka, tuseme sentimita 10. Kuchagua miti mikubwa na minyoofu tu ni kosa linaloharibu matokeo kimyakimya, kwa sababu unachagua miti ambayo kimbunga hakikuigusa. Kwa hali ya hewa peke yake miti 20 hutosha. Kwa vimbunga lenga 30 hadi 40 kila eneo, maana upepo hupiga hapa ukaacha pale.

Toboa kwenye kimo cha mita 1.3. Ukitaka mwaka mti ulipoanza, toboa pia sentimita 30 kutoka ardhini. Kila mti utoe vijiti viwili. Kwenye mti ulioinama, vijiti vya upana wa pete viingie kwa pembe mraba na upande wa mwinamo, ili mbao ya kujisimamisha isivuruge vipimo. Ukitafuta mwaka wa kuinama, ongeza viwili vingine: kimoja upande wa mwinamo, kimoja mkabala wake.

Paka meno nta. Simama imara, sukuma kwa uzito wa mwili huku ukizungusha polepole hadi meno yaume. Keekee ikiyumba mwanzoni, kijiti kitatoka kimepinda kama skrubu. Ukishapita katikati ya mti, ingiza kijiko cha kutolea hadi mwisho, rudisha nyuma nusu mzunguko ili kijiti kikatike, kisha uvute. Toa keekee mara moja. Ikiachwa mtini dakika kumi, mbao huibana na unaweza kuipoteza.

Msaji una mchanga wa silika ndani ya mbao yake na hula makali haraka, kwa hiyo noa baada ya miti michache. Mkoko ni mgumu kiasi cha kuvunja keekee. Tumia duara la gogo kutoka mti uliokufa au uliokatwa kwa kibali. Safisha bomba kwa spiriti kati ya mti na mti usisambaze magonjwa.

Andika namba kwa kalamu ya risasi, mathalani MAF-07-A. Kwenye daftari andika kipenyo, hali ya kilele, matawi yaliyovunjika, na upande wa mwinamo kwa nyuzi za dira. Mielekeo ya magogo yaliyolala ipime pia: magogo mengi yakielekea upande mmoja, yaliangushwa na upepo mmoja. Na usiyapuuze yaliyokufa. Pete ya nje kabisa chini ya gome la gogo hutaja mwaka wa kifo.

Hatua ya 5: Kukausha, kubandika, kupiga msasa

Kausha kivulini siku tatu hadi saba. Bandika kijiti kwenye ubao wenye mfereji kwa gundi nyeupe ya mbao inayoyeyuka kwa maji, na ukifunge kwa uzi hadi kikauke. Nyuzi za mbao lazima zisimame wima, yaani ukitazama kijiti kutoka juu uone ncha za nyuzi na si ubavu wake. Kikigeuka robo mzunguko pete zote hutoweka. Ndiyo sababu ya gundi ya maji: unaweza kukiloweka na kukigeuza.

Piga msasa namba 120, kisha 220, 320, 400 na 600. Mininga na miombo ipeleke hadi 1000. Usiruke namba, kwa sababu mikwaruzo ya msasa mkali hubaki na kufanana na mipaka ya pete. Mashine ya msasa ikipata moto huyeyusha utomvu na kuziba matundu. Tumia mkono kuanzia 400.

Hatua ya 6: Kuoanisha miaka

Kuhesabu pete kutoka gome kwenda ndani si kutoa tarehe. Mti uliovuliwa majani na kimbunga mara nyingi hauweki pete yoyote chini ya shina mwaka unaofuata. Maana yake ni kwamba kimbunga chenyewe hufuta mwaka wa ushahidi wake, na mhesabuji atakosea hasa kwa miti iliyoumia zaidi.

Dawa ni kuoanisha. Chini ya hadubini tia nukta moja kwa kila muongo, mbili kwa kila miaka 50, tatu kwa kila karne. Kwenye karatasi ya grafu chora mstari mrefu kwa kila pete iliyo nyembamba kuliko jirani zake. Linganisha karatasi ya mti mmoja na ya mwingine. Mistari ikipatana hadi mwaka fulani kisha yote ikahama kwa mmoja, hapo kuna pete iliyokosekana au ya uongo. Pete ya uongo huijua kwa mpaka wake: weusi hufifia polepole pande zote mbili, wakati pete ya kweli hukatika ghafla upande wa nje.

Kisha pima upana kwa usahihi wa milimita 0.001, au skani kwa dpi 1200 hadi 2400, na uhakikishe kwa programu COFECHA. Kwa vipande vya miaka 50 vinavyopishana kwa 25, korelesheni, yaani kipimo cha jinsi pete za kipande zinavyopanda na kushuka pamoja na za miti mingine, izidi 0.3281. Kama miti yako ni michanga na unatumia vipande vya miaka 30, kiwango kinapanda hadi 0.4226. Programu huonyesha mahali pa kutilia shaka tu. Ukiongeza pete kwa sababu kompyuta imesema, bila kurudi kwenye mbao, umetunga tarehe.

Kusini mwa ikweta kuna kanuni inayosahaulika. Msimu wa ukuaji huvuka mwaka mpya, na kwa desturi iliyowekwa na mtafiti wa pete za miti Edmund Schulman pete huitwa kwa mwaka ilipoanza. Pete iliyojengwa kuanzia Novemba 2023 hadi Mei 2024 ni pete ya 2023. Hidaya kwa hiyo kimo mwishoni mwa pete ya 2023, na madhara yake utayatafuta kwenye pete ya 2024. Kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952 kiko mwishoni mwa pete ya 1951. Usipoliandika hili waziwazi kwenye jedwali lako, kila ulinganisho na orodha ya vimbunga utapishana mwaka mmoja.

Hatua ya 7: Kutafuta midororo na miruko

Tumia upana halisi wa pete. Desturi ya wanaosoma mvua ni kuondoa mwelekeo wa umri kwa mkunjo unaonyumbulika, lakini mkunjo huo hulainisha mruko wa miaka kumi hadi usionekane. Ukilazimika kusawazisha, tumia mkunjo mgumu.

Kwa kila mwaka chukua wastani wa pete za miaka 10 iliyotangulia (W1) na wa miaka 10 inayofuata (W2). Badiliko ni (W2 − W1) ÷ W1 × 100. Mti uliokuwa na wastani wa milimita 1.2 ukafikia 2.1 umeruka kwa asilimia 75. Uliotoka 2.0 ukashuka hadi 1.1 umedorora kwa asilimia 45. Gregory Nowacki na Marc Abrams, mwaka 1997, walitumia asilimia 25 kama mstari wa kuhesabu mruko. Craig Lorimer na Lee Frelich kabla yao, 1989, walitumia dirisha la miaka 15, wakiita asilimia 50 mruko wa wastani na 100 mruko mkubwa. Mstari wa chini hunasa mengi, pamoja na ukame uliofuatwa na mvua nzuri. Kwa kutafuta vimbunga tunapendelea ule wa asilimia 50, kwa sababu ni heri kupoteza tukio dogo kuliko kubuni lisilokuwapo. Programu ya bure ya TRADER, inayofanya kazi ndani ya R, programu ya takwimu, hukokotoa zote na kukuwezesha kulinganisha.

Mti mchanga hupanuka haraka kiasili na mzee hawezi kuruka kwa asilimia 100 hata akiachwa peke yake. Ukiwa na data nyingi, tumia mpaka wa juu wa ukuaji kwa kila kasi ya awali, kisha upime mruko kama sehemu ya mpaka huo.

Sasa kwa kila mwaka andika asilimia ya miti hai iliyoruka na iliyodorora. Mwaka ambao yote mawili yanapanda pamoja, ndani ya miaka mitatu, kwenye eneo la pwani na si kwenye eneo la kulinganisha, huo ndio mgombea wako. Mdororo ukiwa maeneo yote mawili, ni ukame. Mruko bila mdororo hata mmoja unanuka shoka: tafuta visiki.

Hatua ya 8: Kulinganisha na orodha ya vimbunga

Njia za vimbunga duniani zimekusanywa kwenye hifadhidata ya IBTrACS, isiyo na malipo. Chukua vilivyopita ndani ya kilomita 100 za eneo lako. Panga pete kuanzia miaka mitano kabla hadi mitano baada ya kila kimbunga, pata wastani, kisha rudia kwa miaka iliyochaguliwa kibahatinasibu mara 1,000. Kushuka kwako kukiwa nje ya asilimia 95 ya majaribio hayo, una jibu la kutetea.

Kumbuka kwamba nguvu ya upepo juu ya mti hukua kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 200 kwa saa husukuma mara nne zaidi ya ule wa 100. Kwa hiyo usitegemee vimbunga viwili vya karibu nguvu sawa kuacha alama sawa.

Hatua ya 9: Je, vimbunga vinazidi kweli?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Miti unayoisoma ni ile iliyonusurika. Iliyouawa na kimbunga cha 1872 imeoza zamani, na iliyopigwa mwaka 2019 bado imesimama na makovu yake. Hata kama vimbunga havikubadilika hata kidogo, grafu yako itaonyesha matukio mengi zaidi miaka ya karibuni. Kwa hiyo hesabu kwa uwiano wa miti iliyokuwa hai mwaka huo, usihesabu idadi ya matukio. Acha mwaka wowote wenye miti hai chini ya 10. Ingiza visiki na magogo yaliyokufa. Kisha ondoa miaka 30 ya mwisho ya kila mti na urudie hesabu. Mwelekeo ukitoweka, haukuwa wa vimbunga.

Kazi zilizostahimili ukaguzi wa namna hii zimetupa picha nzito. Mwaka 2016 Valerie Trouet na wenzake waliunganisha misonobari ya Big Pine Key, yenye pete tangu 1707, na kumbukumbu za meli za Hispania zilizozama kati ya 1495 na 1825. Waliona kwamba vimbunga vya Karibiani vilipungua kwa asilimia 75 kati ya 1645 na 1715, wakati madoa ya jua yalipokuwa machache. Ni onyo kwamba bahari inaweza kubadilika sana ndani ya maisha ya mti mmoja. Mwaka 2018 Jan Altman na wenzake walionyesha kwa pete za misitu ya Korea, Japani na mashariki ya mbali ya Urusi kwamba uharibifu wa vimbunga katika karne ya 20 ulikuwa ukisogea kaskazini, kuelekea misitu isiyozoea. Na katika majimbo ya Carolina, Marekani, sehemu ya mwisho ya pete za misonobari ya majani marefu, ile inayojengwa majira ya vimbunga, imeonyesha tangu 1700 kwamba viwango vya juu kabisa vya mvua ya vimbunga vimepanda milimita 2 hadi 4 kila muongo.

Msitu hujibu kulingana na aina ya miti na muda wa kupumua. Huko Puerto Rico, ambako wengi wa miti haina pete za kuaminika na kazi hufanywa kwa kupima viwanja, kimbunga Maria cha 2017 kiliua miti maradufu ya Hugo cha 1989, na kwa karibu aina zote kilivunja mashina mara 2 hadi 12 zaidi. Miti ya mbao nzito iliyomstahimili Hugo ilivunjika safari hii, huku michikichi ya mlimani ikistahimili. Jamii nzima ya miti inaweza kubadilika kwa upepo mmoja uliovuka kizingiti, na pete za wanaobaki zitaonyesha mruko mzuri unaoficha hasara hiyo. Ndiyo maana data za magogo yaliyokufa ni lazima ziwe mezani pamoja na za miti hai.

Kwa anayesimamia shamba la miti, matokeo haya yana matumizi ya moja kwa moja. Miti iliyozoea kusongamana ina shina jembamba na mizizi ya kuegemeana. Ukiipunguza kwa mkupuo mkubwa, huwa dhaifu mbele ya upepo kwa miaka kadhaa hadi pete zake zinenepe chini ya shina. Punguza mapema, kidogokidogo, na acha ukingo mnene upande wa bahari. Pete zako zenyewe zitakuambia shamba lako huchukua miaka mingapi kurudi kwenye upana wa kabla ya dhoruba. Kama muda huo unazidi nafasi kati ya vimbunga vinavyopita eneo lako, badilisha aina ya mti au fupisha mzunguko wa kuvuna.

Hatua ya 10: Kutunza sampuli

Mbao zenye vijiti zihifadhiwe kwenye kabati la chuma mbali na mchwa, na pakiti za kukausha unyevu zibadilishwe kila masika. Andika namba ya sampuli kwenye ubao na kwenye kasha, kwa risasi, pande zote mbili. Faili za vipimo ziwekwe pamoja na maelezo ya eneo, kanuni ya mwaka uliyotumia na daftari la msituni lililoskaniwa, kisha nakala ipelekwe kwenye hifadhi ya kimataifa ya data za pete za miti inayotunzwa na NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga. Pwani ya Afrika Mashariki ina mifululizo michache mno humo, na kimbunga kijacho kikipita, mtu atakayerudi Lindi au Mafia atahitaji kuanzia kwenye vijiti vyako.